Samaki wa Kopo kwa Theuri Mdogo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Ninaandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, humu zizini, kwa sababu ndani ya nyumba yumo Mwai.

Kwanza shukrani. Namshukuru Mungu kwa ng'ombe watatu wenye afya. Kwa mke wangu Warigia, ambaye bado anazungumza nami. Na kwa mkaza mwana wetu Lynn, ambaye tumbo lake sasa linatangulia kufika mlangoni. Imebaki miezi miwili! Mtoto wa kwanza wa mwanangu wa pekee, Kinyua. Akiwa mvulana, kwa desturi yetu ataitwa jina la baba ya baba yake. Yaani mimi. Theuri. Na atakuwa mvulana. Tumbo nimeshalichunguza kutoka pande zote ambazo heshima inaruhusu.

Jambo moja tu linaninyima raha. Theuri mkubwa alipofanya mtihani wa darasa la saba, alikuwa nambari arobaini na moja kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Nambari moja alikuwa huyu huyu Mwai. Leo ni mwalimu mkuu mstaafu na, kwa mapenzi ya Mungu ambayo bado sijayaelewa, ndiye baba yake Lynn. Asubuhi ameleta debe la njahi, yale maharagwe meusi ambayo mama zetu walilishwa walipotuzaa. Ameliweka katikati ya meza kana kwamba ni kikombe cha ushindi. Akasema Lynn ale njahi, mtoto atoke na kichwa kama cha babu yake. Hakusema babu yupi. Hakuhitaji.

Saa saba mchana, redioni, daktari mmoja akasema samaki hujenga ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nilizima redio papo hapo, nisije nikasahau.

Jumatano, 5 Februari

Hapa Mukurweini ukiulizia samaki watu wanakuuliza kama una paka. Nimeenda Nanyuki. Nilimwambia Warigia naenda kumsalimia Kinyua, ambaye ni fundi wa umeme kwenye hoteli moja huko. Na nilimsalimia. Dakika nne.

Kisha nikaingia kwa Awil. Awil huuzia mahoteli vyakula kwa jumla, na binamu zake wa Doldol hufanya biashara ya mifugo. Mtu mpole sana. Hoteli fulani ilikuwa imeagiza katoni nne za tuna, yule samaki wa kopo, kisha ikabadili nia. Makopo mia moja tisini na mawili! Nikasema nachukua yote.

Awil akaniuliza, "Mzee, uko na hoteli?" Nikamwambia niko na mjukuu. Akauliza mjukuu ana miaka mingapi. Nikasema hajazaliwa. Akasema samaki huyo ni mzuri lakini si wa kila siku. Kwao nyumbani mkewe Nadifa huweka kopo moja kwenye wali, mara moja kwa wiki, basi. Nilimhurumia. Mtu ana akili ghala nzima na anaichota kwa kijiko.

Asante Mungu, nimefika na katoni zote bila kuulizwa maswali. Warigia alikuwa kwenye chama cha akina mama.

Alhamisi, 6 Februari

Maswali yameulizwa.

Warigia anasema makopo hayo hayataingia jikoni mwake. Mama yake hakula samaki, nyanya yake hakula samaki, na sufuria ikipikiwa kitu cha majini kwake ni ya kutupa. Nimepewa sufuria moja isiyo na mshikio na ruhusa ya kuitumia nyuma ya ghala. Nashukuru. Huko nyuma kuna upepo mzuri.

Sasa ratiba. Hapa ndipo ujuzi wangu unapohitajika. Mimi si msomi, lakini nimepata cheti cha mfugaji bora wa chama chetu cha maziwa mara mbili. Kila mfugaji anajua: ng'ombe akibakisha miezi miwili kuzaa, unamwongezea chakula cha dukani hatua kwa hatua, azae ndama mwenye nguvu. Chati iko ukutani zizini. Nimeinakili yote kwa mwandiko mzuri. Palipoandikwa kilo nimeandika makopo. Wiki ya kwanza mawili kwa siku. Ya pili matatu. Ya tatu manne. Na kuendelea.

Lynn aliisoma chati hadi mwisho. Yeye ni mwalimu, yuko kwenye likizo ya uzazi. Akauliza, "Baba, hii ni yangu ama ni ya Malaika?" Malaika ni ng'ombe wetu mkubwa. Nikamhakikishia Malaika hatapewa hata kopo moja. Akatabasamu, akasema asante, ila atakuwa akila kwake, katika ile nyumba ya Kinyua hapo kando, ili Mama asisumbuliwe na harufu. Ni wachache wenye adabu hiyo! Tumekubaliana nitamwekea makopo dirishani kila asubuhi.

Na mimi nitakula sambamba naye, kopo kwa kopo. Siwezi kumlisha mtu kitu nisichothubutu kukila mwenyewe. La kwanza lilishuka kwa shida. La pili nilifumba macho.

Jumapili, 16 Februari

Mambo yanaenda vizuri mno. Kila asubuhi naweka makopo, kila jioni dirisha ni tupu. Lynn anang'aa mashavu. Mimi nimevuka makopo ishirini na sasa nala bila kufumba macho. Paka watatu nisiowajua wamehamia kwetu. Leo mmoja amenifuata mpaka kanisani.

Akili pia naisikia ikija. Juzi nilikumbuka nambari ya kitambulisho changu bila kuangalia. Ilikuwa na kosa moja tu.

Baada ya ibada Mwai amenisogelea, kisha akasogea nyuma. Akauliza kama siku hizi kwetu maji yamekatika. Nikamwambia hiyo ni harufu ya alama ya A katika hisabati. Akasema ameleta debe la pili la njahi, maana binti yake amempigia simu kuomba. Nilijua ni uongo. Msichana anayekula makopo matatu kwa siku ana nafasi gani ya njahi?

Mchana nikalichukua debe hilo nikalificha ghalani chini ya magunia. Jioni nimelikuta jikoni. Warigia alilirudisha. Alinipikia chai na akaiweka nje.

Jumatano, 26 Februari

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Asubuhi nilienda zahanati kumwona Sista Waithira, ambaye ndiye anawaangalia akina mama wajawazito wa hapa kwetu. Nilikuwa nimeinakili chati upya kwa kalamu ya rangi mbili. Nilitaka aibandike ukutani, wengine nao wafaidike. Aliisoma. Akaniuliza ng'ombe huyo ni wa aina gani. Nikamwambia ni Lynn.

Sista akaweka kalamu chini. Akaenda akafunga mlango.

Alinieleza polepole. Baharini kuna zebaki, yale madini yaliyokuwa yanang'aa ndani ya vipimajoto vya zamani. Samaki wadogo huipata kidogo. Wakubwa huwala wadogo, na zebaki haitoki haraka mwilini, inazidi kurundikana. Tuna ni samaki mkubwa, amekula wengi. Mama mjamzito akila kopo moja kwa wiki, hakuna neno, hata ni vizuri. Lakini akila manne kwa siku, zebaki nyingi inaweza kupita mpaka kwa mtoto. Nikauliza ikifika kwa mtoto inafanya nini. Akasema inadhuru ubongo.

Ubongo!

Ilibidi nikae. Akaniletea maji. Akauliza tumelisha hivyo siku ngapi. Nikahesabu: ishirini na moja. Makopo sitini na matatu kwa Lynn. Sitini na matatu kwangu. Sista akasema, "Mzee, hata wewe wacha hiyo kitu leo leo." Akasema zebaki ikizidi, hata mtu mzima hupata ganzi ya vidole, kutetemeka na kusahau. Nikamwomba arudie hiyo ya mwisho.

Nimlete Lynn kesho asubuhi, ndivyo alivyosema. Lynn yuko Nyeri mjini kwa dada yake Beth, wanamnunulia mtoto nguo. Simu yake imezimwa. Nimepiga mara kumi na tisa.

Nimekaa na Malaika zizini tangu saa tisa. Naogopa. Sijaogopa hivi hata mwaka ule ng'ombe wetu wote walipougua ugonjwa wa miguu na midomo. Mimi nimeishi maisha yangu yote nikiwa wa mwisho na sijafa. Lakini mtoto huyu hajanikosea lolote. Hajaona hata jua, na babu yake tayari ameingilia kichwa chake.

Mungu wangu, akiwa wa arobaini na moja sijali. Awe mzima tu. Na ukitaka aitwe Mwai, aitwe Mwai.

Nimeifuta sentensi hiyo ya mwisho. Nimeiandika tena.

Alhamisi, 27 Februari

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Saa nne Mwai alimleta Lynn kutoka Nyeri kwa gari lake. Nilikuwa nimesimama langoni tangu kukamua. Nilikusudia kusema na Lynn peke yake, kwa utulivu. Badala yake nilianza kulia kabla gari halijasimama. Nikasema yote, mbele ya Warigia, mbele ya Mwai, mbele ya paka. Redio, Nanyuki, chati, Sista, zebaki, ubongo. Nikamwambia Lynn nimemharibia mtoto wake, na akitaka kurudi kwao leo hii sitamzuia, nitambebea mizigo.

Lynn alishuka garini. Alinishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanipeleka kwake, akainua shuka la kitanda.

Chini ya kitanda kulikuwa na makopo. Safu juu ya safu, yamepangwa vizuri, hakuna hata moja lililofunguliwa. Sitini! Matatu tu ndiyo aliyokula, moja kila wiki, kama Sista alivyomwelekeza tangu kliniki ya kwanza. Zile jioni zote nilizofurahia dirisha tupu, alikuwa akiyasukuma huko chini, kisha anaenda jikoni kwa Warigia kula njahi. Warigia alijua. Lile debe la pili kumbe Lynn aliliomba kweli.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Baba, ulikuwa umefurahi sana. Nilishindwa kukuambia. Na sikujua ati wewe unakula zako zote."

Niliyahesabu tena. Nikayahesabu mara ya tatu nikiwa nimepiga magoti. Katika umri wangu wa miaka sitini na moja sijawahi kumshukuru mtu kwa kunidanganya. Leo nimeshukuru mpaka sauti ikaniisha. Asante Mungu kwa msichana asiyenisikiliza. Asante kwa kitanda chenye miguu mirefu.

Mwai alikuwa mlangoni. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alitoa leso mfukoni akanipa, na ilikuwa imepigwa pasi. Nikamwambia asante kwa njahi. Maneno hayo yalikuwa magumu kuliko kopo la kwanza, lakini yalitoka. Akasema karibu, Theuri. Kisha akakohoa na kuangalia migomba yetu kwa muda mrefu.

Tulienda zahanati wote wanne. Sista amempima Lynn, amemsikiliza mtoto. Moyo unapiga vizuri. Amesema Lynn aendelee hivyo hivyo.

Halafu akanigeukia mimi.

Ijumaa, 28 Februari

Basi mgonjwa ni mimi.

Ganzi iko kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Leo asubuhi Malaika alinitazama nilipokuwa nakamua, akajua kitu si sawa. Sista ameniandikia barua niende Nyeri kutolewa damu.

Mwai amenipeleka. Mwenyewe! Kutoka Mukurweini hadi Nyeri amenifundisha juu ya zebaki, kisha juu ya sayari iliyo na jina kama hilo kwa Kiingereza, kisha juu ya hali ya barabara. Tulipofika Nyeri alinipa mtihani wa maswali matano. Nilipata mawili. Akasema nimeimarika.

Damu imechukuliwa, inapelekwa Nairobi. Nimemuuliza daktari kama nitakufa. Akauliza nilikula makopo mangapi. Nikamwambia. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaniuliza tena. Kisha akamwita daktari mwenzake aje asikie kutoka kwangu mwenyewe.

Tukirudi, Mwai alisimamisha gari akaninunulia ndizi za kuiva. Sijui niseme nini juu ya mtu huyu. Miaka arobaini na minane nimemchukia bila kupumzika, na ametumia siku nzima akiendesha gari polepole ili kichwa kisinizunguke.

Jumanne, 11 Machi

Majibu yamerudi. Zebaki imepanda kupita kiasi cha kawaida, lakini haijafikia kiwango cha kuogofya. Mwili utaitoa wenyewe nikiupa nafasi. Nisile samaki wa aina hiyo kabisa, nirudi baada ya miezi mitatu. Ganzi itaisha taratibu.

Asante Mungu! Nimewaimbia ng'ombe wimbo mzima. Paka wawili wamehama. Warigia amenirudisha mezani, na leo chai nimeinywea ndani, kwenye kiti changu, karibu na jiko. Sikujua jinsi nilivyokipenda kiti hicho.

Chakula: njahi. Nilikula sahani mbili. Mwai alipopiga simu kuuliza hali nilimwambia nilikula moja.

Alhamisi, 3 Aprili

Amezaliwa!

Saa tatu na robo asubuhi. Tulikuwa kwenye benchi la hospitali, mimi na Mwai, kila mmoja na chupa yake ya uji. Kinyua alikuwa amefika kutoka Nanyuki, anatembea huku na huko na bisibisi mfukoni. Nesi alipotoka tulisimama wote watatu kwa pamoja na nikamwaga uji kwenye kiatu cha Mwai. Hakulalamika.

Msichana.

Nilisimama hapo nikingoja kusikitika. Nilijipa muda wa kutosha. Hakuna kilichokuja. Mtoto wa kike wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, kwa hiyo ni Warigia. Mke wangu, ambaye tangu Februari hakufanya lolote ila kunipa sufuria mbovu, ndiye aliyepata jina. Alivyolipokea! Kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

Wamenipa nimshike. Kilo tatu na nusu. Analia kwa sauti kubwa, anageuka ukimwita, na daktari aliyempima anasema yuko sawa kabisa, kutoka kichwani hadi miguuni. Alikikamata kidole changu, mojawapo ya vile viwili vyenye ganzi, na nikamsikia. Nililia. Mwai akanipa leso nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa ametumia ya kwanza.

Nimemwahidi Mungu hapo hapo katika wadi: sitaingilia tena chakula cha mtoto huyu wala cha mama yake kwa makopo. Kamwe.

Jumamosi, 5 Aprili

Wako nyumbani. Boma zima limetulia. Wageni wameleta njahi, ndizi, uji, na kuku wawili. Sista Waithira amepita kumwona mtoto, amesema anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi sita, hakuna kingine, na akanitazama mimi aliposema hivyo, ingawa kulikuwa na watu kumi na wawili chumbani. Nimekubali kwa moyo wote. Nimejifunza.

Makopo mia moja ishirini na sita yaliyobaki, Awil amekubali kuyarudisha dukani kwake. Mtu mwema kabisa. Nilimpigia kumpa habari za mtoto, akatupongeza, Nadifa naye akachukua simu akatuombea dua. Katika kuzungumza Nadifa akasema kwao mama akijifungua hunywa maziwa ya ngamia, kikombe kimoja asubuhi, na hupata nguvu. Nikamuuliza ngamia mmoja hutoa vikombe vingapi.

Nimefikiria jambo hili kwa makini sana, kama mtu aliyeumwa. Kosa langu lilikuwa wapi? Lilikuwa bahari. Zebaki inatoka baharini, Sista mwenyewe alisema. Lakini ngamia wa binamu zake Awil wanakaa Doldol. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona bahari.

Ngamia wangu anafika Alhamisi, kwa lori. Awil amenionya mara tatu kwamba ngamia hapendi mvua, wala matope, wala milima, na nimemwambia Mukurweini atazoea. Nimepima banda. Mlango utabidi upite paa la jikoni kwa urefu. Warigia bado hajui. Amelala kwenye kiti changu na Warigia mdogo kifuani, na wote wawili wanakoroma kidogo. Nimesimama mlangoni nikawatazama, nikamshukuru Mungu kwa kila kitu alichonipa. Kisha nikachukua jembe, nikaanza kuchimba mashimo ya nguzo polepole, nisiwaamshe.